Kuifundisha Racket neno "kama"

Mpwa wangu anajifunza programu kwenye laptopu yangu kuukuu hapa Uyole, jioni, kajitanda blanketi, maana Juni ya Mbeya haina utani. Juzi akauliza: "Mjomba, hii 'if' haiwezi kuwa 'kama'?" Kwenye Racket, lugha ya programu, inawezekana. Ni mjukuu wa Lisp, lugha ya 1958, hadi 2010 ikiitwa PLT Scheme, na walioiunda walitaka ifundishie watu na iundie lugha nyingine.

Ipakue siku una bando. Ni ya bure. Ikishaingia, intaneti huihitaji tena. Fungua DrRacket, dirisha lake la kuandikia programu, andika haya, kisha bonyeza Ctrl+R kuikimbiza:

```
#lang racket
(define mauzo 72000)
(define wateja 3)
(define (kama sharti hivi vile)
  (if sharti hivi vile))
(kama (= wateja 0) 0 (/ mauzo wateja))
```

Alama ya hesabu hutangulia namba, utazoea. Jibu ni 24000, wastani wa kila mteja wa viazi. Tukashangilia. Sasa weka wateja 0, kama siku ya mvua sokoni Mwanjelwa:

```
/: division by zero
```

Imegawa kwa sifuri, wakati sharti letu lilikuwa la kuzuia hilohilo! Kijana alidhani amekosea mabano. Hakukosea. Hiyo "kama" yetu ni fanksheni, yaani kipande cha programu kinachopewa vitu na kurudisha jibu, na fanksheni haianzi kazi mpaka kila ilichopewa kiwe kimeshakokotolewa. Ni mteja anayetaka magunia yote yashushwe kwenye Fuso ndipo achague moja. Mgawanyo ulifanyika kabla sharti halijatazamwa.

Kinachotakiwa ni makro. Yenyewe haikokotoi kitu. Inayachukua maandishi yako na kuyaandika upya kabla programu haijaanza kukimbia. Futa ile fanksheni, weka hii mahali pake:

```
(define-syntax-rule (kama sharti hivi vile)
  (if sharti hivi vile))
```

Ctrl+R tena: 0. Mstari wa mwisho hatukuugusa.

Ukitaka lugha yako iwe na faili lake, futa mistari ya majaribio (mauzo, wateja na hesabu ya mwisho), ongeza huu wa kuyaruhusu mafaili mengine yatumie maneno yake, kisha hifadhi kwa jina kiswahili.rkt:

```
(provide (all-from-out racket) kama)
```

Kwenye faili jipya, folda ileile, mstari wa kwanza uwe:

```
#lang s-exp "kiswahili.rkt"
```

Hapo "kama" inafanya kazi pamoja na Racket nzima. Makosa bado yatalalamika kwa Kiingereza. Hilo mimi sijalishughulikia. Mpwa wangu hakungoja. Nilipotoka kuchukua chai alikuwa ameshaongeza neno lake mwenyewe, "fafanua" badala ya "define", na kuliandika pia kwenye provide:

```
(define-syntax-rule (fafanua jina thamani)
  (define jina thamani))
```

Nikamkuta kwenye faili jipya anaandika (fafanua wateja 0).