Kabla Hujanunua SUV ya Umeme, Uliza Bei ya Kuitengeneza

Anayefikiria kununua SUV ya umeme huwa na swali moja mdomoni: betri itadumu miaka mingapi? Ni swali la haki, ila silo linalowamaliza watu. Betri kubwa huzeeka polepole, na kampuni nyingi huipa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, kutegemea kipi kinatangulia, kwa ahadi kwamba haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Pesa nyingi huishia kwingine: kwenye kifaa ambacho mnunuzi hajawahi kulisikia jina lake, kwenye jiwe lililogonga chini ya gari, na kwa fundi aliyemimina kisichotakiwa. Hayo ndiyo ya kuyajua kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Chukua Hyundai Ioniq 5, gari zuri kweli, tena linalochaji haraka kuliko mengi ya rika lake. Ndani yake mna kifaa kinachoitwa ICCU. Moja ya kazi zake ni kuchota umeme wa betri kubwa, kuushusha, na kuijaza betri ndogo ya volti 12, kazi ambayo kwenye gari la petroli hufanywa na oltaneta. Umeme ukipanda ghafla, au joto likipanda na kushuka mara kwa mara, transista za ndani huweza kuungua. Hapo betri ndogo haijazwi tena. Onyo linawaka kwenye dashibodi, gari linaanza kupoteza nguvu, na hatimaye linasimama barabarani ilhali betri kubwa bado ina chaji ya kukufikisha mbali. Machi 2024, nchini Marekani, Hyundai na Kia ziliita magari zaidi ya 147,000 yarudishwe kurekebishwa kwa tatizo hilo, na kabla mwaka haujaisha zikaita tena zaidi ya 208,000, yakiwemo yaliyokuwa yameshafanyiwa kazi mara ya kwanza. Kia EV6 na baadhi ya magari ya Genesis yamo kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa yanatumia kifaa hichohicho.

Kwa hiyo, anayekuuzia Ioniq 5 au EV6 akikuambia “hiyo ilishafanyiwa,” mwombe karatasi. Ionyeshe namba ya chesi, tarehe, na kama walisasisha programu tu au walibadilisha kifaa chenyewe pamoja na fyuzi yake. Magari yanayotoka Uingereza yana nafuu moja: kwa namba ya usajili pekee unaweza kuingia kwenye tovuti ya serikali ya huko, bila malipo, ukaona historia ya ukaguzi wa kila mwaka na kama kuna wito wa kurudisha gari ambao haujatekelezwa. Fanya hivyo gari likiwa bado huko. Likishapanda meli kuja Mombasa au Dar es Salaam, dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida haiambatani nalo, na ICCU ikifa utailipia mwenyewe kwa maelfu ya dola, juu yake usafiri, ushuru na wiki za kungoja.

Ugonjwa wa gari jipya kabisa haumhusu Mkorea, yaani Hyundai na Kia, peke yake. Juni 2022 Toyota iliita takriban magari 2,700 ya bZ4X, SUV yake ya umeme iliyokuwa haijamaliza miezi miwili sokoni, kwa sababu bolti za magurudumu zingeweza kulegea hadi gurudumu likachomoka. Ndiyo maana mimi humshauri mtu asinunue toleo la mwaka wa kwanza la gari lolote la umeme kama hana muuzaji rasmi karibu. Angoja mwaka mmoja au miwili, wengine wagundue kasoro.

Sasa ingia uvunguni. Usikubali kukagua SUV ya umeme ikiwa imesimama chini. Ipandishwe juu, upige tochi kuanzia mbele hadi nyuma. Bamba lile pana na bapa ndilo tumbo la betri. Tafuta mkwaruzo mrefu, mbonyeo, bolti iliyotafunwa, gundi mpya pembeni, au rangi iliyopakwa kipande kimoja tu. Mwaka 2023 nchini Kanada, mwenye Ioniq 5 aliyegonga kitu akaachiwa mkwaruzo kwenye kifuniko cha betri alipewa makadirio ya zaidi ya dola 60,000 za huko kubadilisha betri, kushinda bei aliyonunulia gari lenyewe, na bima ikalifuta gari. Usidhani ni mambo ya mbali. Matuta yasiyo na alama, barabara za murram na mawe ya barabara inayojengwa yanalingoja tumbo hilo kila siku. BYD Atto 3, mojawapo ya SUV za umeme zinazouzwa rasmi Kenya, ina kimo cha sentimita 17 hivi kutoka ardhini. Ukipakia watu watano na mizigo, kinapungua.

Watu husoma kwamba betri zimeshuka bei, na ni kweli: wastani wa dunia ulioripotiwa na BloombergNEF kwa mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kila yuniti (kilowati-saa) ya uwezo, maana yake betri ya yuniti 60 ni kama dola 6,900. Lakini hiyo ni bei anayoipata mwenye kiwanda. Ya kwako kama spea ni nyingine kabisa, kwa hiyo iombe kwa maandishi kutoka kwa muuzaji, pamoja na jibu la swali hili: betri hii inafunguliwa na kubadilishwa kipande, au inabadilishwa nzima? Jibu hilo moja linaweza kutenganisha bili unayoimudu na gari la kuegesha milele.

Kisha fundi. Mtembelee kabla ya kununua, si siku gari limezima. Muulize kulanti gani hutumia: Ioniq 5 nyingi zinataka kulanti maalumu isiyopitisha umeme kirahisi, na kwa hizo ile ya kawaida ya dukani haifai kabisa kwenye mfumo wa betri. Muulize oili ya kompresa ya AC. Kompresa nyingi za umeme hutumia aina ya POE. Akitia PAG iliyozoeleka kwenye magari ya petroli, kinga ya umeme ndani ya kompresa huharibika. Muulize glavu zake za volti 1,000 ziko wapi, na husubiri muda gani baada ya kukata umeme kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa. Asiyeweza kukujibu hayo bila kubabaika, mpe kazi ya tairi tu. Namjali yeye pia: volti 400 au 800 humuua mtu.

Mengine ni ya haraka. Gari ni zito, kwa hiyo tairi huisha mapema na lazima ziwe za kubeba uzito huo. Breki hazifanyi kazi sana kwa vile mota husaidia kupunguza mwendo, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani diski hupata kutu kabla pedi hazijalika. Gari la Japani huja na soketi ya kuchaji haraka ya CHAdeMO, la Ulaya CCS2, la China bara GB/T. Hakikisha ya kwako inapatikana kwenye vituo vya njia yako. Nyumbani, chaja ya kilowati 7 huvuta ampea 30 hivi kwa saa kadhaa, basi fundi umeme apime nyaya na arthi kwanza, wala usithubutu kuchajia kwenye ekstensheni.

Mwisho, soma mkataba wa bima. Je, betri iliyogongwa kutoka chini inalipiwa, na ni nani atakayeikagua? Huduma ya kuvutwa nayo iandikwe wazi kuwa ni bredauni ya kubeba gari zima mgongoni, kwa sababu magurudumu yaliyoungana na mota yakizunguka barabarani, mota huzalisha umeme, na uharibifu wa namna hiyo kampuni ya bima huenda isiulipe.