Kukodi nyumba Malindi bila kukwama mwezi wa Mei

Malindi mtu hafukuzwi nyumba Januari. Hufukuzwa Mei, hoteli zimefunga, masika yanapiga mabati, na mwenye nyumba anabisha hodi tarehe tano. Lakini kosa lilifanyika Desemba, siku alipochagua chumba kwa kutazama mshahara wa Desemba.

Pesa ya mji huu huja na kaskazi, Desemba hadi Machi, ikarudi kidogo Julai na Agosti Waitaliano wakiwa likizoni. Aprili hadi Juni kazi hulala. Kodi haijui kaskazi wala kusi. Viwanja vya pwani, kutoka Casuarina kwenda Mayungu, bei yake huwekwa na watu wanaohesabu kwa yuro, na habari hiyo ikifika Barani au Muyeye, mwenye vyumba sita vya mabati naye anaongeza mia tano. Kazi za kudumu nazo zimeelekea kwingine: tangu ugatuzi wa 2013, makao makuu ya kaunti yako Kilifi mjini, na ndege kubwa za watalii hutua Mombasa kwa sababu njia ya kurukia ndege katika uwanja wa Malindi ni fupi. Maonyo ya 2014 ya nchi za kigeni kwa watalii wao na janga la korona la 2020 yalionyesha mji mzima unavyoweza kukosa riziki kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana bei zinapanda kama za mji unaokua na mapato yanayumba.

Piga hesabu ya mwaka, si ya mwezi

Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili na pesa halisi ya kila mmoja, bahashishi zikiwemo. Tuseme mhudumu wa hoteli anapata 22,000 katika miezi sita mizuri (132,000), 14,000 Septemba hadi Novemba (42,000), na vibarua vya 5,000 Aprili hadi Juni (15,000). Jumla ni 189,000. Gawanya kwa 12: 15,750. Asilimia 30 ya hapo ni kama 4,700, na hiyo ndiyo kodi anayoiweza. Akihesabu kwa mwezi mzuri peke yake atajiona anaweza 6,600, na Aprili hadi Juni atadaiwa 19,800 ilhali mfukoni zimeingia 15,000, kabla hajanunua unga.

Hata kwa 4,700 miezi mitatu hiyo haijilipi. Kodi ni 14,100, na chakula cha 9,000 kwa mwezi ni 27,000: jumla 41,100. Toa 15,000 za vibarua, pengo ni 26,100. Likigawanywa kwa miezi sita mizuri, ni 4,350 za kuweka kila mwezi. Ziweke mahali pasipotoka kwa kubonyeza simu. Chama au sakosi ni afadhali. Wengi huharibikiwa hapa: Februari mfuko umejaa, arusi ni nyingi, na Aprili haionekani.

Kodi si bei yote ya nyumba

Ukienda kuona chumba, uliza maji kabla ya kuuliza rangi ya ukuta. Nyumba ya watu wanne ikitumia mitungi mitano ya lita 20 kwa siku, ni mitungi 150 kwa mwezi. Kila shilingi tano inayoongezeka kwa mtungi ni 750 mfukoni mwako. Bomba likikauka siku kadhaa, mwenye mkokoteni ndiye anayepanga bei. Waulize majirani maji hukatika mara ngapi. Dalali atakwambia hayakatiki.

Stima vilevile. Kama mita ni moja kwa vyumba vyote, uliza tokeni hugawanywaje, na nani ana friji. Asiye na friji humlipia mwenye friji, halafu ugomvi unaanza.

Na usihamie mbali kwa sababu chumba ni rahisi kabla hujahesabu bodaboda. Nauli ya 50 kwenda na 50 kurudi kwa siku 26 ni 2,600. Chumba kilichopungua 1,500 kimekutia hasara ya 1,100.

Kabla ya kutoa dipoziti

Dalali asichukue dipoziti. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe, na hakikisha jina linalotokea kwenye M-Pesa ni lake au la mtu aliyemtaja kwa maandishi. Karatasi ya makubaliano iwe na kodi, tarehe ya kulipa, dipoziti na masharti ya kuirudisha, muda wa notisi, na nani anatengeneza paa. Piga picha kuta, kufuli, sinki na dirisha siku ya kuingia, jirani akiwepo.

Muda wa kujadiliana ni Mei au Juni, vyumba vikiwa vitupu. Omba kodi moja kwa mwaka mzima, kisha omba sharti hili liandikwe: Aprili hadi Juni utalipa nusu, na nusu iliyobaki utaimaliza Julai hadi Septemba. Mwenye nyumba mzoefu wa Malindi atakuelewa, maana chumba kitupu katika masika hakimwingizii hata nusu hiyo.

Nyumba yako, ardhi ya mwingine

Maweni, Kisumu Ndogo na mitaa mingine mikongwe ina mtindo wa pwani: kuta na paa ni zako, ardhi ni ya mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Mizizi yake ni usajili wa ardhi chini ya sheria ya 1908, ulioacha familia nyingi za pwani bila hati. Mji ukipanda bei, hawa ndio wa kwanza kutikisika, kwa kuwa ardhi inauzwa na nyumba zikiwa juu yake.

Kabla ya kununua nyumba ya namna hii, pata nambari ya kiwanja na ufanye upekuzi kwa msajili wa ardhi ujue hati ina jina la nani. Anayekusanya kodi mara nyingi ni wakala tu. Weka kila risiti. Bila mkataba wa maandishi usijenge kwa mawe: boriti, makuti na mabati unaweza kuyang'oa na kuondoka nayo, ukuta hauhamishiki. Na usidanganyike na habari ya "nimekaa miaka 12, ni pangu". Dai hilo ni la aliyekaa bila idhini ya mwenye ardhi. Anayelipa kodi anakaa kwa idhini yake, kwa hiyo halimsaidii, na kwa ardhi ya umma halisimami kabisa.

Kodi ikikwama

Sema mapema, kabla ya tarehe, na uandike. Ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo mzee. Hoteli imefunga mpaka Julai. Leo nimetuma 2,500, zilizobaki 2,200 nitazimaliza tarehe 20 Julai. Naomba unijibu nijue umekubali." Jibu lake ni ushahidi. Kunyamaza na kuzima simu ndiko kunakomfanya mwenye nyumba anunue kufuli.

Kufuli hiyo haina sheria. Kama kodi ya kawaida ya chumba chako haizidi Sh2,500, unalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura 296, na huwezi kutolewa bila amri ya baraza la kodi. Ikizidi hapo na unalipa kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja. Vyombo vyako havikamatwi na kijana wa mtaa. Hiyo ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni, na mwambie akuonyeshe karatasi zake. Anayesemekana amekaa kwenye ardhi ya mtu bila haki naye ana notisi ya maandishi ya miezi mitatu chini ya Sheria ya Ardhi, na kabla haijaisha anaweza kwenda kortini kuomba nafuu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa Malindi. Nenda wiki ya kwanza ya notisi. Trekta likishawashwa utakuwa unatafuta fidia badala ya nyumba.

Ukiona kwamba huwezi kabisa, hama wewe kabla hujahamishwa. Deni la mwezi mmoja hukatwa kwenye dipoziti. La miezi minne humeza dipoziti na godoro. Wanaongoja sana huishia kulala barazani kwa ndugu, au kulinda jumba la ufukweni lenye vyumba vinane visivyolalwa na mtu miezi tisa. Toa notisi kwa maandishi, fagia, piga picha zilezile ulizopiga siku ya kuingia, rudisha funguo mbele ya jirani. Dipoziti ikizuiliwa bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaipa siku 60 kumaliza. Beba risiti, picha za siku zote mbili, na simu yenye ule ujumbe.