Somo: Fuzari ya mgomba, jina lake liishie wapi?

Fuzari ni kuvu, na baadhi yake hunyausha mimea. Shambani Machame au Kibosho, "mnyauko fuzari" inatosha. Sampuli ikifika maabara Arusha, jina linapanda ngazi: jenasi Fusarium, spishi oxysporum, kisha cubense, yaani wale wanaoshambulia mgomba. Panda kadiri ushahidi unavyokubeba, usiruke.

1. Pasua shina karibu na ardhi, utafute nyuzi za kahawia inayoelekea wekundu. Chukua kipande ambacho hakijaoza, kifunge kwenye karatasi. Nailoni acha, unyevu huita bakteria. Ukiona utomvu wa manjano unatoka, huo ni mnyauko bakteria, kesi nyingine kabisa.

2. Otesha kipande hicho kwenye agari (jeli ya kuoteshea kuvu), kisha chukua spora moja tu, uioteshe upya. Hapa msiwe na haraka jamani. Udongo wa migombani umejaa Fuzari, zikiwemo oxysporum zisizodhuru chochote. Zikichanganyika mbili kwenye sahani moja, yanayofuata yote ni kubahatisha.

3. Hadubini. Tumia agari yenye lishe kidogo, maana kwenye lishe nyingi spora hupoteza umbo. Spora kubwa zimepinda kama mundu, lakini hata za ndugu zake ziko hivyo. Tazama kijiti kinachozaa spora ndogo: kwa oxysporum ni kifupi, kwa kundi la ndugu yake Fusarium solani ni kirefu. Rangi ya zambarau isikudanganye, hubadilika kwa mwanga na chakula.

4. DNA. Kipande cha DNA kiitwacho ITS hakitenganishi Fuzari za karibu. Soma jeni TEF1, ukiweza na RPB2.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Nimepata oxysporum kwenye nyanya, Ngaramtoni. Niandike lycopersici, yaani wale wa nyanya?
– Marahaba. Bado. Ambukiza kwanza miche mizima ya nyanya, uone kama itanyauka. Kwa sasa ni Fusarium oxysporum, basi.

– Kaka, TR4, ile aina ya cubense inayoua hata ndizi za Cavendish, wengine wanaiita Fusarium odoratissimum. Tushike lipi?
– Jina hilo lilipendekezwa 2019, na si wote waliolikubali. Mimi huandika yote mawili. Ila TR4 huijui kwa hadubini, inataka kipimo chake cha PCR (kipimo cha DNA). Ilishagunduliwa nchini Msumbiji mwaka 2013, kwa hiyo usiitaje kwa kukisia, utazua taharuki.

– Kahawa yangu inanyauka, ni hii hii?
– Mnyauko fuzari wa kahawa ni Fusarium xylarioides, spishi nyingine. Kwangua gome chini ya shina. Mbao ikiwa na weusi wa kibluu, niletee kipande.