Kupima misuli ya mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo: vidole vyako viwe kwenye msuli

Nawaandikia nyie madogo mnaoanza fizio wodini, maana kila intake naona kitu kilekile, mtu anasimama pembeni ya kitanda anasema "inua mguu", mguu haujainuka, anaandika sifuri anaondoka. Hapo bado hujapima.

Mgonjwa alale chali, na ukija kurudia baada ya wiki kadhaa alale chali vilevile, la sivyo namba zako hazilinganishiki. Jeraha likiwa bichi ongea kwanza na daktari kama mgongo umetulia, na kama kaumia mgongo wa chini au kiuno usimkunje nyonga kupita nyuzi 90.

Fomu ya ASIA (chama cha Marekani cha majeraha ya uti wa mgongo) inataka misuli 10 kila upande, kila mmoja unapewa 0 mpaka 5, jumla 100. Herufi na namba ni neva inayotoka kwenye uti: C shingoni, T kifuani, L kiunoni, S chini ya kiuno. Mkononi C5 ni kukunja kiwiko, C6 kuinua kiganja kwa nyuma, C7 kunyoosha kiwiko, C8 kukunja ncha ya kidole cha kati, T1 kutanua kidole cha mwisho. Mguuni L2 kukunja nyonga, L3 kunyoosha goti, L4 kuvuta wayo juu, L5 kuinua kidole gumba, S1 kusukuma wayo chini kama anakanyaga breki.

Anzia kwenye 3, yaani anamaliza mwendo wote huku anashindana na uzito wa kiungo chake mwenyewe. Akiweza, mpinge kwa mkono wako: akihimili kiasi ni 4, akiwa kawaida kabisa ni 5. Akishindwa, mtolee uzito, kwa mfano C5 unaulaza mkono juu ya tumbo ateleze, akimaliza mwendo ni 2. Akishindwa na hapo ndo unaweka vidole kwenye kano na kusubiri, maana kamtikisiko kadogo tu ka msuli chini ya vidole ni 1, na kati ya 0 na 1 kuna tofauti kubwa sana kwa mtu aliyelala pale.

Sasa uongo wa mwili. Nilikuwa na kijana wa bodaboda aliyeumia shingo, tukasema C7 "nyoosha kiwiko", mkono ukanyooka vizuri tu, mama yake akapiga vigelegele. Nikagusa nyuma ya mkono, laini kama unga uliokandwa. Alikuwa anazungusha bega kwa nje, mkono unaanguka wenyewe. Dawa yake elekeza kiwiko darini, kiganja kiwe karibu na sikio, shika bega lisizunguke, halafu mwambie tena. C8 nayo inadanganya, akiinua kiganja nyuma vidole vinajikunja vyenyewe kwa sababu kano zinavutwa, kwa hiyo shikilia kiganja kisitembee kabla hujampa alama. (Ila msiende kumnyoosha vidole vyote kwa nguvu huku kiganja kiko nyuma, mkunjo huo ndo atakaoshikia kikombe.)

Mguu ukiruka ghafla ndugu watasema kaanza kupona. Mwambie atulie, amuru mara tatu kwa kupishana muda, uone kama unafuata amri au unaruka ukigusa shuka tu. Ukiruka bila amri hiyo ni spazimu, usiipe alama.

Kipimo mnachokimbia wote ni cha njia ya haja kubwa. Vuta pazia, mweleze, vaa glovu, kidole kiwe ndani, mwambie "bana kama unazuia choo". Asipobana kwa amri, na kama hana hisia yoyote pale, ndo inakuwa daraja A, yaani jeraha kamili, hata kama kuna kamsuli kidogo kanatikisika chini ya jeraha. Bila hiki kipimo huna jibu, una dhana tu.

Aliyeumia T6 kwenda juu, akianza kichwa kuuma sana, jasho usoni na presha kupanda katikati ya kupima, acha hapohapo, mwinue akae kama mgongo unaruhusu, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au umeziba, ita daktari.

Mkono ukiwa na POP (plasta ngumu) au maumivu yanamzuia kujaribu andika NT, yaani haupimiki, usibuni namba. Na tarehe na saa ziandikwe, siku za mwanzo bado anaweza kuwa kwenye mshtuko wa uti, yaani uti umezima kwa muda chini ya jeraha, kwa hiyo wengi tunapima ndani ya masaa 72 halafu tunarudia.