Vanila Mwanza: anza na kivuli, kisha hesabu mikono yako

Ua la vanila hufunguka alfajiri, na kufikia mchana limeshaanza kusinyaa. Ukiikosa asubuhi hiyo moja bila kulichavusha kwa mkono, ganda la ua hilo, ambalo ndilo zao lenyewe, umelikosa msimu mzima. Naanza na hili kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu vanila, kuanzia Ilemela hadi Sengerema, huanza na bei.

Vanila ni okidi, jamii ya mimea ya maua. Kwao ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako hukwea miti kwa mizizi ya hewani, chini ya kivuli chepesi, huku mizizi ya chini ikila majani yaliyooza. Wenzetu wa Kagera wanaiweza kwenye vibanja vyao vya migomba na kahawa kwa kuwa hali ya huko inakaribiana na hiyo. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mwanza tunapata kama nusu yake, kisha Juni hadi Septemba jua linatua juu ya majabali na udongo wetu wa kichanga. Ushauri wa Kagera usiubebe mzima mzima. Kama huna maji ya kumwagilia kiangazi, panda kitu kingine. Na ziwa lisikutie tamaa ya kulima ukingoni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ufukweni. Vuta bomba.

Miti ya kuegemea, gliricidia au mbono kaburi, itangulie mwaka mmoja. Saa sita mchana simama chini yake uangalie ardhi: madoa ya jua na ya kivuli yakaribie kulingana. Majani ya vanila yakigeuka njano, jua limezidi. Yakinawiri sana huku maua hayaonekani, kivuli kimezidi, punguza matawi.

Kipando kiwe na urefu wa mita moja au zaidi, kutoka kwenye mmea usio na ugonjwa. Kiache kivulini wiki moja jeraha likauke, ondoa majani matatu manne ya chini, kisha kilaze juujuu na ukifunike kwa matandazo, ncha iliyokatwa ikibaki nje ya udongo. Mizizi yake haiendi chini, kwa hiyo jembe lisikaribie kabisa. Magugu ng'oa kwa mkono. Pumba za mpunga zilizokwisha kuoza, majani makavu ya migomba, hata gugumaji lililokaushwa vizuri, vyote vinafaa. Mimi mwenyewe nilipoteza mistari miwili kwa huruma: nilimwagilia kila siku na kusukuma matandazo mabichi hadi kwenye shina. Mizizi ikawa ya kahawia, laini kama ugali uliolala, na shina likasinyaa. Ni fangasi wa udongoni, fusariamu, na akishaingia hakuna dawa ya maana. Udongo uwe na unyevu, usituame maji.

Mmea ukifika kimo chako uurudishe chini, uuzungushe na kuupandisha tena. Ukiuacha ukwee hadi juu, maua utayafikia kwa ngazi. Maua huanza mwaka wa tatu hivi, na kiangazi kifupi husaidia kuyaita, kwa hiyo wakati huo punguza maji kidogo.

Sasa mikono. Ndani ya ua kuna kijingozi chembamba kinachotenga chavua na sehemu ya kike, na huku kwetu hakuna mdudu wa kutegemea kwa kazi hiyo. Aliyeonyesha njia rahisi ni Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841, na hadi leo tunafanya vilevile. Pasua mdomo wa ua upande mmoja. Kwa kijiti cha meno inua kijingozi, kisha kwa kidole gumba bonyeza chavua iguse sehemu inayonata. Ni sekunde chache tu. Kesho yake ua likianguka, hukufanikiwa. Likibaki limenyauka kwenye kikonyo, ganda limeshika. Kishada kimoja kinaweza kuwa na maua 15 na zaidi, yakifunguka moja au mawili kwa siku. Chavusha manane hadi kumi ya mwanzo, mengine yaache, la sivyo utapata maganda membamba na mmea uliochoka. Kazi hii inakutaka shambani kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Mashina 100 yanayotunzwa na familia nayapenda kuliko 1,000 ya mtu anayekuja Jumamosi.

Ganda hukomaa kwa karibu miezi tisa. Bichi halina harufu, ndiyo maana anayevuna mapema kwa kuogopa wezi huuza majani tu. Subiri ncha ianze kuwa ya njano, uchume moja moja. Kilo 5 hadi 6 mbichi hutoa kilo moja iliyokaushwa, na ukaushaji ni kazi ya miezi, ya mtu aliyefundishwa. Kama mkaushaji wako yuko Kagera, patana naye kabla ya kuchuma, ili maganda yapande meli ya Bukoba ndani ya siku mbili tatu.