Hilo ua la uzioni, hebu lifikiche jani kwanza

Jamani wa Kigoma, yale maua ya vishada, katikati njano pembeni pinki, sio ua la porini kwetu, ni lantana, limetokea huko Amerika ya kitropiki. Mi mwenyewe niling'oa mche njiani kuelekea Ujiji nikaupanda uzioni nikijua ni la asili, misimu miwili tu ya mvua likaziba njia ya chooni. Kulijua shika shina (taratibu, lina vimiba) utasikia pembe nne, halafu fikicha jani unuse, harufu kali hiyo! Mbuzi wakilila linawaharibu ini. Kufyeka tu haisaidii linachipua kwenye kisiki, chimba na mizizi kabla vile vitunda havijawa vyeusi, ndege wakivila wanapeleka mbegu kwa jirani, wangu mpaka leo kaninunia.