Andika jibu kabla ya kupima: namna ya kusoma uhandisi wa umeme na kompyuta

Nasimamia maabara ya wanafunzi wa uhandisi wa umeme na kompyuta, na kila anayekaa mezani namwomba jambo moja: kabla hujawasha chochote, andika daftarini namba unayoitarajia. Ukipima kwanza, utaikubali namba yoyote itakayotokea kwenye mita, na hutajifunza kitu.

Anza na saketi ndogo. Chukua rezista (vipande vinavyozuia mkondo) mbili za kilo-omu 10, ziunge kwa mfululizo, zipe volti 5, kisha pima rezista ya chini. Hesabu inasema volti 2.5 na mita itasema karibu na hapo. Rezista yenye mkanda wa dhahabu inaruhusiwa kupotoka asilimia 5, kwa hiyo tofauti ndogo isikushtue. Sasa zitoe, weka mbili za mega-omu 1. Uwiano ni uleule, na kwenye karatasi jibu ni lilelile, lakini mita itaonyesha kama 2.4. Hapo wengi hubadilisha waya, hubadilisha rezista, halafu huniita. Usiniite bado. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa takriban mega-omu 10. Ulipogusisha ncha zake kwenye rezista ya chini, uliupa mkondo njia ya pili. Rudia hesabu: mega-omu 1 sambamba na mega-omu 10 ni mega-omu 0.91, na volti zinashuka hadi 2.38. Mita ni nzima na rezista ni nzima. Mchoro wako ndio ulioiacha nje mita. Nikimwona mwanafunzi amelifikia hilo mwenyewe, nafurahi kuliko akinipa ripoti nzuri ya kunakili.

Hisabati usiisome kwa ajili ya mtihani tu. Namba changamano utakutana nazo kila penye mkondo geu (AC), na milinganyo ya tofauti (inayoeleza kasi ya mabadiliko) kila penye kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji. Ukikwama kwenye somo la saketi, mara nyingi kilichokukwamisha ni aljebra ya muhula uliopita. Rudi huko bila kuona aibu.

Wapo wanaouliza kwa nini umeme na kompyuta viwe idara moja. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alionyesha katika tasnifu yake ya uzamili kwamba aljebra ya Boole, yaani hisabati ya kweli na si kweli, inaweza kueleza na kurahisisha saketi za relei, swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Ile mantiki unayoandika kwenye programu ni swichi zinazofunga na kufungua.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, unga kitufe kwenye maikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja) na andika programu ya kuhesabu mibonyezo. Bonyeza mara moja. Hesabu inaweza kuruka hadi tatu au nne. Utakagua msimbo usiku kucha na hutaona kosa, kwa sababu kosa halimo humo. Vipande vya chuma ndani ya kitufe hudundana kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na programu inahesabu kila mdundo. Weka oskiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika, uione hiyo midundo. Kisha tibu kwa njia zote mbili: kwanza kwa programu, isubiri milisekunde 20 na kusoma tena, halafu kwa rezista na kapasita. Anayejua njia moja tu amesoma nusu ya kozi.

Katika kundi la kujisomea, mpeni kalamu yule asiyeelewa, achore yeye huku wengine wakieleza. Kundi ambalo mjuzi mmoja anaandika na wengine wananakili ni la kupoteza jioni.

Na usalama. Usipime mkondo kwa kuweka mita sambamba na chanzo cha umeme. Fyuzi yake itakatika, kama si zaidi. Kapasita kubwa hubaki na chaji hata umeme ukizimwa, kwa hiyo pima volti zake kabla ya kugusa. Saketi ya umeme wa ukutani usiifungue ukiwa peke yako maabara, hata kama ripoti inatakiwa kesho asubuhi.